Kibali cha Mwisho cha Mzee Omagor

Yoga noi kwenu wa Adungosi na Amukura. Mulembe kwenu wa Namboboto na Funyula. Misawa kwenu wa ufuoni. Na nyinyi wa Busia na Malaba, mnaouza, mnaonunua na mnaosubiri tu trela lisogee, hamjambo wote. Wasikilizaji wapendwa, saa yetu ya kuwakumbuka waliotuacha imefika. Mwenye betri dhaifu natumaini alizianika juani tangu asubuhi, maana sitaki kuambiwa kesho kwamba nilikata maneno katikati.

Leo tunamkumbuka Mzee Yonasani Omagor. Wengi mlimwita Mzee wa Karantini. Alifariki mwezi huu, mwaka huu wa 1998, na Jumamosi iliyopita tukamzika nyumbani kwake Adungosi. Nilikuwa pale. Nilikaa na mjane wake, Mama Akiteng, na binti yao Anyait, na rafiki yake wa kazini, Bwana Ogweno. Haya nitakayowasimulia ni yao. Mama Akiteng ameniruhusu kuyasema yote isipokuwa jambo moja, na tukifika hapo nitawaambia kwamba tumefika.

Kwa mlio wadogo, karantini ilikuwa pale Malaba, upande wetu wa mpaka, kabla hujaufikia mto. Ng'ombe aliyevuka kutoka Uganda aliingizwa humo akafungiwa, akaangaliwa mdomo na kwato, na akionekana mzima akapewa kibali cha kuendelea na safari. Ng'ombe mgonjwa hakuendelea. Aliuawa na kuzikwa humo humo kwa chokaa. Na ukifika langoni bila kibali, Mzee Omagor hakugombana nawe. Alisema neno moja tu: “Rudi.” Ukarudi.

Omagor aliandikwa kazi na serikali ya mkoloni mwaka 1957. Alikuwa kijana, miguu mirefu ndani ya kaptula ya kaki, na kazi yake ilikuwa kusimama langoni. Mkubwa wake alikuwa Mzungu ambaye jina lake hakuna anayelikumbuka. Watu walimwita Bwana Chokaa, kwa sababu kila mzoga ulipozikwa alisimama mwenyewe pembeni mpaka aone chokaa imemwagwa. Bwana Chokaa alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, hakuna kinachotoka karantini bila kibali. Ya pili, hakuna anayechimba ndani ya karantini. Hakuna bustani, hakuna choo kipya, hakuna hata shimo la kigingi, mpaka yeye aseme.

Hiyo sheria ya pili haikuwa ukorofi mtupu. Wafugaji mnakijua kimeta. Ng'ombe akifa kwa kimeta, ugonjwa unabaki ardhini miaka na miaka, na ukifukua shimo lake umejitafutia kifo wewe na jirani zako. Ndiyo maana juu ya kila shimo Bwana Chokaa alipanda mkonge. Ukiona mkonge, unajua hapo jembe halishuki.

Uhuru ukaja. Bwana Chokaa akafunga mizigo akaenda kwao. Omagor akapandishwa cheo, mwisho akawa mkuu wa kituo, na zile sheria mbili akazishika kuliko mwenyewe alivyozishika.

“Huyo mzee alikuwa ngumu,” Bwana Ogweno aliniambia, akicheka huku anapangusa macho. Ogweno ndiye aliyekuwa karani wa kituo. “Shemeji yake analeta ng'ombe ya mahari kutoka Tororo. Harusi ni Jumamosi. Omagor anaangalia mdomo, anaona moja inatoa mate. Anafunga zote. Bibi harusi analia. Wazee wanabeba ajono kuja kumbembeleza. Anakunywa ajono yao yote, anasema asante sana, lakini ng'ombe hazitoki.”

Ajono, kwa msiotoka Teso, ni pombe yetu ya wimbi. Na wimbi ndio uliomleta Mama Akiteng kwenye mazungumzo. Mama huyu aliishi na mumewe ndani ya karantini, kwenye nyumba ya serikali, miaka yote hiyo, bila kuruhusiwa kupanda hata mche mmoja wa sukuma wiki. Hakulalamika. Lakini naye alikuwa na sheria yake. Nyuma ya nyumba alikuwa na mahali alipopafagia kila asubuhi, akatandika mkeka, akaanika wimbi. Msimu wa wimbi ukipita alianika mihogo. Mihogo ikiisha, mkeka ulibaki pale pale mtupu. Na hakuna mtu aliyekanyaga hapo, awe mtoto, mgeni au padri.

“Mimi nilichapwa na Toto mara moja tu katika maisha yangu,” Anyait aliniambia, na Toto kwao ni mama. “Ilikuwa hapo kwa mkeka. Nilikuwa nakimbiza kuku. Nikajua basi, kwetu wimbi ni kitu ya heshima sana.”

Sasa turudi nyuma, mwaka 1961. Wazee wanaukumbuka kwa mvua. Mwaka huo Omagor na Akiteng walikuwa na mtoto mmoja, msichana aliyekuwa ameanza kukimbia vizuri, jina lake Atyang. Anyait alikuwa hajazaliwa. Ukazuka ugonjwa wa miguu na midomo katika mazizi ya karantini, na Bwana Chokaa akafunga lango. Hakuna kuingia, hakuna kutoka, mnyama wala mtu, kwa sababu ugonjwa ule husafiri hata kwenye matope ya kiatu. Katikati ya kufungiwa huko Atyang alishikwa na homa. Homa haikumwachilia. Akafa.

Omagor alikwenda kwa Bwana Chokaa, kofia mkononi. Akaomba ampeleke mtoto Adungosi akazikwe kwao. Adungosi si mbali, nyote mnajua. Bwana Chokaa akamwambia hakuna kinachotoka. Mtoto azikwe humo ndani, na pasiwekwe msalaba wala kilima cha udongo, kwa kuwa kituo cha serikali si makaburini. Mnajua kwetu jambo hilo maana yake ni nini. Mtoto wa watu analazwa kwenye ardhi ya gavamenti, palepale wanapolazwa ng'ombe wagonjwa, na ukoo wake haukusimama pale. Omagor alikuwa na umri mdogo, kazi aliihitaji, na alimwogopa yule Mzungu. Akakubali.

Na hata kuzika hakuzika. Siku ile ng'ombe walikuwa wakivunja ua, akawekwa langoni. Shimo lilichimbwa na wanawake wa kituo, mvua ikiwanyeshea migongoni. Omagor hakumwona mwanawe akishushwa. Alipoachiliwa, mvua ilikuwa imesawazisha kila kitu. Mtu mmoja akamwonyesha kwa mkono, huko, upande wa ua. Hakuuliza zaidi. Angeuliza kwa mdomo gani, na mama wa mtoto amekaa pale haongei?

Baada ya siku kadhaa akachukua mche wa mkonge, akaenda upande ule wa ua, akaupanda mahali alipodhani ndipo. Mkonge ndio alama pekee ambayo Bwana Chokaa hangeing'oa. Tangu hapo, mara moja moja, Omagor alionekana amesimama mbele ya mkonge ule, kofia imevuliwa. Watu walidhani anakagua mashimo.

Nirudie, mtu asije akapotea. Mtoto ni Atyang. Alizikwa ndani ya karantini ya Malaba mwaka 1961. Baba yake hakumzika. Baba yake alipanda mkonge.

Ikafika 1994. Serikali ilikuwa inapunguza wafanyakazi. Ukikubali kustaafu mapema unapewa kifurushi, na watu wa mpakani hawachelewi kutoa majina, wakakiita handisheki. Ogweno alikuwa wa kwanza kukichukua. Akanunua baiskeli za boda boda, akahamia Busia, akaanza kunenepa. Kituo kilikuwa kinafungwa. Ardhi yake ilikwisha kupata mwenyewe, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona sura, na ingekuwa uwanja wa kuegesha trela. Wapima ardhi wakaja wakapiga vigingi na kupaka mikonge rangi nyekundu. Wakasema Pasaka ikipita, tingatinga litakuja kusawazisha.

Wenzake wote walikwisha kuweka sahihi. Omagor peke yake alikuwa bado.

Wasikilizaji wapendwa, mtu akikwambia kwamba mzee mgumu haogopi, mwambie hajawahi kukaa naye nyumba moja. Anyait anasema baba yake wakati ule alikuwa kama mtu anayesikiliza hodi. Trela likishika breki barabarani, anasimama. Gari likigeuza karibu na lango, anaacha chakula na kwenda kuchungulia. Anarudi, ugali umepoa, anausukuma kando. 

Hofu yake ilikuwa na pande mbili, na pande zote zilimchoma. Tingatinga likija, Atyang atafukuliwa na chuma na kuzolewa pamoja na mifupa ya ng'ombe, na juu yake yataegeshwa matrela. Akichimba mwenyewe, atakuwa amevunja sheria aliyoilinda maisha yake yote, na huenda akafukua kimeta na kukiingiza mjini. Kuna waliomshauri achimbe kimya kimya Jumapili watu wakiwa kanisani. Hakuwa mtu wa namna hiyo. Na kulikuwa na jambo la tatu ambalo hakumwambia yeyote. Mkonge huzaa. Ule mche wake ulikuwa umetoa machipukizi, na mikonge ya mashimo ilikuwa imetoa machipukizi, na baada ya miaka zaidi ya thelathini kichaka chote kilikuwa kimoja.

Afisa aliyetumwa kukifunga kituo alikuwa daktari wa mifugo, Bwana Opondo. Kijana nadhifu, mwenye tai, na viatu visivyopenda matope. Wala hakuwa mtu mbaya. Aliwahi kuja pale kujifunza kazi akiwa bado mwanafunzi, na Mzee Omagor ndiye aliyemfundisha kushika mdomo wa fahali. Siku hiyo walikaa mezani wakitazamana, na Anyait alikuwa ameleta chai, ndiyo maana tunayajua maneno yao.

“Mzee, tumalize hii kitu,” alisema Opondo. “Masharti si ulisoma?”

“Nilisoma.”

“Basi weka sahihi hapa. Lori ya kubeba vitu yako italetwa, hiyo ni haki yako. Itakufikisha mpaka mlangoni.”

“Lori nimekubali. Na hiyo handisheki sina maneno nayo. Lakini nina sharti moja.”

“Mzee, hakuna kuongeza sharti. Hii imetoka Nairobi hivyo ilivyo. Mimi nimetumwa tu.”

“Kuna mtu wangu ako hapa ndani,” Omagor akasema. “Hajawahi kupewa kibali ya kutoka. Siwezi panda lori nimwache.”

Opondo alitazama mlangoni, akidhani kuna mgonjwa ndani ya nyumba. “Mtu gani?”

Hapo Mzee Omagor akamwambia. Anyait anasema ndiyo mara ya kwanza alipomsikia baba yake akilitamka jina la Atyang mbele ya mtu wa serikali, na alilitamka akiangalia chai. Opondo aliweka kalamu chini. Akasema, “Pole, Mzee. Haya, twende unionyeshe.”

Wakaenda mpaka uani. Kichaka kimesimama mbele yao, miiba juu, kimepakwa rangi nyekundu. Mzee Omagor akanyoosha kidole. “Ni huu.” Akasogea hatua mbili. “Hapana. Ni ule, ulioinama.” Akazunguka upande wa pili, akarudi, jasho linamtoka na jua halijawa kali. Kidole kikashuka chenyewe.

“Mzee,” Opondo akasema polepole, “ni wewe ulinifundisha hapa hapa. Penye mkonge jembe haishuki. Ukikosea shimo, si wewe peke yako unakufa, ni Malaba yote. Sasa nikuruhusu aje? Ungekuwa mimi, ungeruhusu?”

“Singeruhusu,” alisema Mzee Omagor.

Nadhani hakuna jibu lililomgharimu kama hilo. Opondo akampa mpaka Ijumaa. Akiweka sahihi, vizuri. Asipoweka, ataondolewa mikono mitupu, na tingatinga litakuja vile vile.

Alirudi nyumbani akipitia nyuma, hakutaka wapita njia wamwone uso. Mama Akiteng alikuwa amepiga magoti anageuza wimbi kwa viganja. Mzee akaketi kwenye ngazi ya mlango, mguu mmoja ukingoni mwa mkeka. Anyait alikuwa ndani, anasikia kila neno.

“Nimemkosa,” akasema. “Wamekataa. Na mimi mwenyewe nimewaambia wako sawa. Nimemkosa tena, Mama Anyait.”

Mama Akiteng aliendelea kugeuza wimbi. Akageuza mpaka akafika mwisho wa mkeka. Kisha akasema, bila kuinua macho, “Baba Anyait, kwa mkonge hayuko.”

“Unasema nini?”

“Hajawahi kuwa huko. Ulipanda mahali hakuna mtu.”

“Ako wapi?”

Akaweka kiganja juu ya wimbi. “Hapa. Amekuwa hapa siku zote. Ulidhani ningemwacha huko mbali na ng'ombe, na ile mvua? Wale wanawake walitaka kwenda huko uani. Nikasema hapana, karibu na mlango, nikiamka nimuone.”

Mzee Omagor aliuondoa mguu wake mkekani. Aliuondoa taratibu, kama mtu aliyekanyaga nguo ya mwenzake. Akauliza, “Na kwa nini hukuniambia? Miaka yote hii?”

“Hukuuliza,” alisema Mama Akiteng. Halafu akaona uso wa mumewe, akalegeza maneno. “Nilikuona ukipanda ile mkonge. Ulikuwa unalia. Ningekuambia nini? Nikasema wacha na yeye awe na mahali pake ya kusimama.”

Anyait aliniambia akiwa amekaa kwenye ukuta wa nyumba ya Adungosi, mikono imekumbatia magoti: “Nilikaa huko ndani nikajua kwa nini nilichapwa.”

Mimi nimeendesha kipindi hiki muda mrefu, wasikilizaji, na nimesikia mengi ya ndoa. Sijui kama mama huyu alikosea au hakukosea. Najua tu kwamba alimlinda mtoto kwa mkeka na akamlinda mume kwa kunyamaza, na vyote viwili vilimlemea yeye peke yake.

Opondo aliitwa tena kesho yake. Alipaangalia pale nyuma ya nyumba kwa makini. Hapakuwa na mkonge hata mmoja. Hakuna mzoga uliowahi kusogezwa karibu na nyumba za watu, Bwana Chokaa mwenyewe asingekubali. Opondo akachutama, akagusa udongo uliofagiliwa mpaka ukawa mgumu kama sakafu. Akaenda kwenye simu ya kituo, akawapigia wakubwa wake, akaongea, akasikiliza, akaongea tena. Mzee Omagor alikuwa amesimama mlangoni amekunja kofia mpaka imepinda.

“Wanasema hapa ni makao, si karantini,” Opondo akatangaza aliporudi. “Chimbeni, Mzee. Lakini ni hapa tu.”

“Asante. Sijamaliza.”

“Nini tena?”

“Kibali.”

“Kibali ya nini?”

“Ya kutoka. Hakuna kitu imewahi kutoka hapa bila kibali. Yeye alinyimwa. Sitamtoa kama mtu anaiba.”

“Mzee,” Opondo akasema, na sauti yake haikuwa tena ya ofisini, “hicho kitabu cha vibali ni cha ng'ombe.”

“Najua ni cha nini. Ni mimi nimekiandika hii miaka yote. Na siwezi kujiandikia, mimi ndiye baba. Andika wewe. Ukiandika, nitaweka sahihi yako ile ya Nairobi saa hii.”

Hilo ndilo lilikuwa sharti la Mzee Omagor la kustaafu. Wenzake walibishania siku za likizo na mabati. Yeye alitaka karatasi moja ambayo angepaswa kupewa mwaka 1961.

Opondo akafungua kile kitabu. Nimekiona kibali hicho, Mama Akiteng alinionyesha, kimekunjwa ndani ya kitabu cha nyimbo. Idadi: mmoja. Kutoka: Malaba. Kwenda: Adungosi. Ugonjwa: hakuna. Palipotakiwa rangi na alama za ng'ombe, Opondo aliandika tu, Atyang. Kwenye mstari wa mwenye mali kalamu ilisimama, unaona wino umekusanyika hapo. Kisha aliandika: Akiteng na Omagor. Akapiga muhuri. Mzee naye akavuta zile karatasi za kustaafu, akaweka sahihi bila kuzisoma tena.

Wakachimba asubuhi ya siku iliyofuata, Mama Akiteng akiwa amekwisha kuondoa wimbi na kuukunja mkeka. Wasikilizaji wapendwa, sasa tumefika kwenye lile jambo. Kilichokutwa ardhini Mama Akiteng hakutaka nikitaje, nami sikitaji. Kilikunjwa ndani ya shuka safi. Mzee Omagor ndiye aliyekipokea kwa mikono yake miwili.

Lori likapakiwa vitanda, sufuria, kuku na mkeka. Mzee akakaa mbele pamoja na mkewe. Ile siku ya mvua alikuwa langoni. Safari hii shuka ilikuwa mapajani mwake, na hakukubali mtu amsaidie kuibeba, hata lori lilipoanza kuruka mashimo.

Bwana Ogweno alikuwa ametoka Busia kuja kuwasaidia kupakia. Anasema lori lilipofika langoni, Mzee alimwambia dereva asimame. Dereva akashangaa, kizuizi kilikuwa juu, kituo hakina mtu. Mzee akasema, “Hapa gari husimama.” Ogweno akaelewa. Akakimbia na tumbo lake lile, akateremsha kizuizi, akasimama wima mbele yake. Mzee akatoa mkono dirishani na kibali. Ogweno akakipokea, akakisoma chote, mstari kwa mstari. Akakirudisha. Akainua kizuizi.

“Pita,” akamwambia.

Ogweno aliponisimulia hapo alishindwa kuendelea, na mimi nikazima kinasa sauti mpaka amalize kulia.

Atyang alizikwa Adungosi jioni ile, nyuma ya nyumba, na ukoo wake ukasimama wote, wa upande huu na wa Tororo. Ajono ilitengenezwa kwa wimbi ule ule uliokuwa juu yake. Pale Malaba tingatinga likaja, lakini Opondo alikataa kata kata mikonge kuguswa. Mpaka leo ukipita utakiona kichaka kimezungushiwa waya katikati ya matrela, na madereva huuliza kuna nini hapo.

Mzee Omagor aliishi miaka minne baada ya hapo. Alifuga ng'ombe wachache, akawaangalia midomo kila asubuhi kwa mazoea, na majirani wakamtania kwamba hata maziwa yake yanahitaji kibali. Anyait anasema alianza kumaliza chakula chake. Anasema pia kwamba siku moja alimkuta baba yake nyuma ya nyumba amepiga magoti, anamsaidia mama kugeuza wimbi.  Presha ndiyo iliyomchukua, mapema mwezi huu, akiwa kitandani kwake. Tulimlaza kando ya Atyang.

Kwako Mama Akiteng, kwako Anyait, kwa ukoo wote wa Adungosi na wa ng'ambo ya mpaka, na kwako Bwana Ogweno, kituo hiki kinawapa pole. Mungu amlaze Mzee Yonasani mahali pema. Na sisi tuliobaki, tufikirie kidogo leo. Huenda nyumbani mwako kuna jambo ambalo hujawahi kuuliza kwa sababu uliogopa jibu. Huenda anayelijua yuko jikoni sasa hivi, anakungoja. Zima redio ukamuulize.

Mimi nimemaliza, isipokuwa hili. Jumamosi, watu walipokuwa wanaondoka, nilimwona Mama Akiteng akitoka na mkeka mwingine, mpya. Akautandika kando ya ule wa zamani, akamimina wimbi juu ya yote miwili, akausambaza kwa kiganja. Kwa hiyo ukipita Adungosi jua likiwa kali, na ukaona wimbi umeanikwa nyuma ya nyumba, tafadhali zunguka.